The Groundhogs: uanze na albamu ipi?

Mwambie mpenzi wa bluzi akutajie bendi za Uingereza za miaka ya 1960. Ataanza na John Mayall, atapita kwa Fleetwood Mac ile ya Peter Green, atamtaja Eric Clapton mara tatu, halafu ataishiwa. The Groundhogs huwa hawaingii kwenye hesabu hiyo. Na hao si watu waliopiga baa za uchochoroni tu: kati ya 1970 na 1972, watu watatu hawa waliingiza albamu tatu mfululizo kwenye kumi bora za Uingereza. Leo ukiwatafuta kwenye simu unakutana na rundo la majalada, mikusanyo isiyo na kichwa wala miguu, rekodi za jukwaani za mwaka huu na mwaka ule, na hakuna anayekwambia ushike ipi kwanza.

Nasema hivi kwa sababu nimeshakosea kwa niaba ya wenzangu. Kuna rafiki yangu, mpiga gitaa mzuri tu, nilimwekea albamu yao ya Split tangu wimbo wa kwanza. Dakika ya nne akaniuliza kama spika yangu imepasuka. Mwingine nilimpa albamu yao ya kwanza kabisa, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Nzuri, lakini si bora nimsikilize Muddy Waters mwenyewe?" Maana yake yule gwiji wa bluzi wa Chicago. Wote wawili walikuwa na haki. Albamu hizi hazifanani, na mtu anayependa moja anaweza kabisa kuichukia nyingine.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja: umbali kutoka kwa John Lee Hooker, yule mwanabluzi Mmarekani. Ukijua unataka kukaa karibu naye kiasi gani, albamu yako inajichagua.

Kwanza, Hooker anahusikaje

Mwaka 1962 huko New Cross, kusini-mashariki mwa London, ndugu wawili, Pete na John Cruickshank, walikuwa na bendi iliyoitwa The Dollar Bills. Akaingia kijana mpiga gitaa aliyezaliwa Humberston, Lincolnshire, mwaka 1944: Tony McPhee, ambaye baadaye aliongezewa herufi T.S. kwenye jina lake. Huyu ndiye aliyewavuta wenzake kwenye bluzi, na jina jipya likatoka kwenye wimbo wa Hooker. Groundhog ni mnyama wa Marekani, mnene, jamii ya kuchakuro, kazi yake kuchimba. Hooker alimwimba kama mharibifu anayechimbachimba uwanjani kwa mtu, na ukisikiliza vizuri utajua anayelalamikiwa hana miguu minne.

Mwaka 1964 Hooker akaja Uingereza. Bendi ya Mayall ndiyo iliyokuwa ikimsindikiza, lakini wiki ya mwisho ya ziara haikuweza, wakaitwa hawa vijana kuziba pengo. Mzee akawapenda. Alipokuja tena aliwataka wao, na wakawa wanatangazwa kama John Lee's Groundhogs.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatoka hapa. Bluzi ya kawaida inahesabika: baa (vipimo vya muziki, siyo za pombe) kumi na mbili, mzunguko unakwisha, mnaanza upya, kila mtu anajua gitaa litahamia wapi na lini. Hooker hakuwa na mambo hayo. Alikaa kwenye kodi moja (ya gitaa, siyo ile ya mapato) wimbo mzima, mguu wake ukipiga sakafu kama ngoma, na akihama anahama anapojisikia. Leo baa kumi na moja, kesho kumi na tatu na nusu. Mpiga besi aliyezoea kuhesabu anaachwa barabarani. Dawa ilikuwa moja tu: uache kuhesabu, umtazame mtu mwenyewe, mdomo wake na mguu wake, na uwe tayari. McPhee na Pete Cruickshank walisoma shule hiyo wakiwa vijana wadogo, tena jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Baadaye waliwasindikiza pia akina Little Walter, Jimmy Reed na Champion Jack Dupree. Lakini aliyebaki kwenye vidole vyao ni Hooker.

Kundi hilo la kwanza lilivunjika katikati ya muongo, McPhee akatangatanga, mara na Herbal Mixture waliopiga muziki wa kisaikedelia uliokuwa umeshika wakati ule, mara na bendi ya John Dummer. Mwaka 1968 akarudi na jina lilelile: yeye kwenye gitaa na sauti, Pete Cruickshank besi, Ken Pustelnik dramu, na Steve Rye kwenye harmonika. Lebo ikawa Liberty.

Scratching the Surface au Blues Obituary?

Hizi mbili za mwanzo ndizo rahisi kuamua.

Scratching the Surface (1968) ni albamu ya vijana wanaojua bluzi vizuri na wanataka ujue kwamba wanaijua. Harmonika ya Rye imejaa kila mahali. Wanafunga na wimbo wa Muddy Waters. Kama unapenda bluzi ya Chicago ya miaka ya 1950 ikipigwa na Waingereza wenye heshima, hii itakufaa. Kama hupendi kukopi, hata kukopi kuzuri, iache kwanza. Yule rafiki yangu wa Muddy Waters hakukosea sana.

Blues Obituary ilitoka mwaka uliofuata, na jina lake ni tanzia: tangazo la kifo cha bluzi. Picha za jalada walipiga kwenye makaburi ya Highgate, London. Rye na harmonika yake wameshaondoka, wamebaki watatu, na hapo ndipo bendi ninayoijua mimi inapoanza. Kwa sikio lililokulia kwenye dansi, ambako gitaa la solo, la rithim na la besi kila moja lina mtu wake, kuna kitu cha kujifunza hapa: McPhee anafanya kazi ya solo na rithim peke yake, na pale anaposhindwa kuwa watu wawili, Pustelnik anajaza kwa dramu. Pustelnik hapigi dramu kama mtunza saa. Anazimwaga. Kuna watu hawamwezi, wanasema anapiga nyingi mno. Mimi naona bila yeye kungekuwa na shimo katikati ya kila wimbo.

Sikiliza walivyoufanya ule wimbo wa Howlin' Wolf, mwanabluzi mwingine wa Chicago, kuhusu moto wa Natchez. Wimbo wenyewe una tukio la kweli nyuma yake: usiku wa tarehe 23 Aprili 1940, ukumbi wa dansi wa watu weusi huko Natchez, Mississippi, uliwaka moto. Mapambo ya mmea mkavu uitwao Spanish moss yalikuwa yananing'inia darini, madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili wasiolipa wasichungulie, na mlango ulikuwa mmoja. Walikufa watu 209, pamoja na kiongozi wa bendi, Walter Barnes. Wolf aliuimba kama mtu anayesoma majina ya marehemu. McPhee hana sauti ya Wolf na hajifanyi kuwa nayo. Anaimba kwa sauti yake ya kawaida, nyembamba kiasi, na kuliacha gitaa lilie badala yake. Hiyo ndiyo tofauti ya albamu hizi mbili. Kwenye ya kwanza angejaribu kuwa Wolf.

Kati ya hizi mbili, chukua Blues Obituary. Kama ni mpenzi wa bluzi halisi na roki inakuchosha, unaweza hata kuanza nayo na kuishia hapo, usipungukiwe kitu. Umbali kutoka kwa Hooker: mtaa wa pili.

Zile mbili zenyewe: Thank Christ for the Bomb na Split

Hapa ndipo watu wanapogombana. Mojawapo ya hizi ndiyo utakayoambiwa uanze nayo na kila anayewajua, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo.

Zinafanana kwa mengi. Watu ni walewale watatu. Studio ni ileile, De Lane Lea ya London. Fundi mitambo ni yuleyule, Martin Birch, ambaye aliwarekodi pia Deep Purple na baadaye Iron Maiden. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini besi na dramu zinakufikia kifuani hata kwenye spika ndogo. Thank Christ for the Bomb ilitoka 1970 na kushika nafasi ya 9 Uingereza. Split ilitoka Machi 1971 na kufika nafasi ya 5, ikakaa kwenye chati kwa miezi. Kila moja ni dakika arobaini hivi. Kila moja, upande mmoja wa santuri una hadithi inayoendelea. Basi, kufanana kumeishia hapo.

Thank Christ for the Bomb ni albamu ya mtu anayewatazama wengine. Jina linasema "ashukuriwe Kristo kwa bomu", na lilikusudiwa kuchokoza. Wimbo wenye jina hilo unaanza na McPhee na gitaa kavu, kama msimulizi aliyekaa kwenye kigoda, akikupitisha kwenye vita vya karne ile mpaka zama za nyuklia, ambapo kila mkubwa anaogopa kuanza kwa sababu anajua hatabaki. Kejeli yake imenyooka, huhitaji Kiingereza kingi kuidaka. Kisha vyombo vya umeme vinaingia, vinapanda, vinazidi kupanda, na mwisho wake ni huohuo unaoufikiria. Upande wa pili unamfuata mtu mwenye mali zake anayeachana na ukwasi na kuishia kulala nje, kwenye bustani. Ni hadithi ya kuchekesha na ya kusikitisha, na McPhee hamhukumu.

Kimuziki, hii ndiyo albamu yao iliyopangika kuliko zote. Nyimbo ni fupi kiasi, kila moja ina mwanzo unaoukumbuka, na gitaa linakaa ndani ya wimbo badala ya kuuteka. Ukianza na "Soldier" utaushika mara ya kwanza. Kile kipande cha gitaa kinachojirudia kinaingia kichwani na kukataa kutoka. Bluzi ipo, lakini imeyeyuka ndani, kama chumvi kwenye wali: huioni, ila isingekuwepo ungejua. Kasoro? Ipo. Sauti ya McPhee ina noti chache, na kwenye nyimbo za polepole za upande wa pili unaanza kutamani angekuwepo mtu mwingine wa kupokezana naye. Nyimbo mbili za katikati mimi huzipita bila aibu.

Split ni albamu ya mtu anayejitazama mwenyewe, na anachokiona hakimpendezi. Mwaka 1970 McPhee alipatwa na hali ambayo siku hizi tungeiita shambulio la hofu: akili ikamkimbia, usingizi ukakataa, akawa hajiamini hata yeye mwenyewe. Upande mzima wa kwanza ni hiyo hali, sehemu nne zinazofuatana, zinaitwa Split na namba zake tu. Anauliza maswali mafupimafupi bila kupamba, na gitaa linapitishwa kwenye kila kifaa alichokuwa nacho mpaka linapasuka, linajipinda, linakuja kama kutoka chumba cha jirani. Kwa hiyo rafiki yangu aliyeuliza kuhusu spika alikuwa amesikia sawasawa. Ila kilichopasuka ni gitaa, na lilipasuliwa kwa makusudi.

Niliwahi kuusikiliza upande huo usiku, umeme umekatika, redio ya betri, madirisha wazi. Sehemu ya pili ilipoanza jirani akagonga ukuta. Haikuwa sauti kubwa, ila ilimtia wasiwasi, alivyonieleza asubuhi. Sidhani kama kuna mwandishi wa muziki aliyewahi kuipa Split sifa nzuri kuliko hiyo.

Sasa geuza. Upande wa pili hauna hadithi, una nyimbo nne tu, na hapa ndipo pana hazina. "Cherry Red" ndio wimbo wao unaojulikana kuliko wote, na ni haki yake. Unaanza kwa gitaa lililokaa palepale, kodi ileile, likisukuma kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Besi inaingia chini yake, Pustelnik anaanza kumwaga dramu, na McPhee anapandisha sauti juu kabisa, sauti ya kuazima, kama anamjibu mwanamke anayemwimba. Ukiusikiliza kwa makini mara ya tatu au ya nne utamsikia Hooker: ule ukaidi wa kukaa sehemu moja mpaka msikilizaji aanze kuyumba. Anayeijua sebene anaijua hali hii. Gitaa haliendi mahali, na wewe hutaki liende.

Baada yake kuna wimbo wa taratibu, "A Year in the Life", wa kupumua. Kisha "Junkman", ambao katikati unaachana na kuwa wimbo, gitaa linabaki likipiga kelele peke yake. Sitakudanganya kwamba naupenda kila siku. Na mwisho kabisa, baada ya fujo zote hizo, "Groundhog": wimbo wa Hooker, ule uliowapa jina. Mambo yote yanapunguzwa, gitaa na sauti ndivyo vinaubeba wimbo. Ni kama mtu aliyepotea mjini usiku kucha, asubuhi anajikuta mlangoni kwao.

Kwa hiyo ipi? Jibu langu linawaudhi mashabiki wa pande zote mbili: anza na Split, lakini anza na upande wa pili. Kwenye simu maana yake ni wimbo wa tano mpaka wa nane. Zisikilize hizo nne kwa wiki nzima. Zikikushika, rudi upande wa kwanza, utakuwa na ufunguo mkononi. Zisipokushika, usilazimishe, nenda Thank Christ for the Bomb, anza na "Soldier", kisha ule wenye jina la albamu.

Ila kuna watu ningewapeleka Thank Christ moja kwa moja. Mtu anayependa mashairi kuliko gitaa. Mtu anayesikilizia garini, kwa sababu Split na foleni ya jioni haviendani kabisa. Na mtu ambaye yeye mwenyewe anapambana na hofu za usiku: sehemu zile nne zimeandikwa na aliyepitia, na hazifungi kidonda mwishoni. Asubiri siku yake.

Who Will Save the World?

Ya tatu kwenye zile tatu za kumi bora, 1972, nafasi ya 8. Jalada ni vichekesho vya kuchora, kazi ya Neal Adams, yule mchoraji wa Batman, na wanabendi wenyewe wamechorwa kama mashujaa. Ndani McPhee anaimba kuhusu dunia kujaa watu na hewa kuchafuka, miaka mingi kabla ya mambo hayo kuwa mazungumzo ya kila siku, na ameongeza mellotron, kile kinanda kinachocheza kanda za sauti za fidla na filimbi. Jalada ni zuri kuliko muziki. Nisamehewe. Kuna "Amazing Grace" ya gitaa tupu ambayo inafaa kusikilizwa mara moja, na wimbo wa mwisho, "The Grey Maze", ambao ni mrefu na ndio pekee unaonirudisha huko. Kama una Split na Thank Christ na bado una njaa, chukua. Isiwe ya kwanza.

Hogwash au Solid?

Mwishoni mwa 1972 Pustelnik alikuwa ameondoka, na kiti chake kikakaliwa na Clive Brooks aliyetoka bendi ya Egg. Ukisikia Hogwash baada ya Split, tofauti inakupiga usoni kabla hata ya kusoma majina: Brooks anahesabu. Kila pigo liko mahali pake, safi, kama shati lililopigwa pasi. Wapo wanaosema hapo ndipo bendi ilipokomaa. Mimi nasema ilipata nidhamu na ikapoteza ule wasiwasi wa kwamba lolote linaweza kutokea. Hata hivyo nyimbo za Hogwash ni nzuri, na kuna mmoja, "Mr Hooker, Sir John", wa kumsalimia mzee kwa cheo ambacho hakuna mfalme aliyempa.

Solid ni ya 1974, lebo nyingine, WWA, na sauti imebanwa zaidi na ni kavu. Kati ya hizi mbili ni Hogwash bila kufikiri mara mbili. Baada ya hapo kuna Crosscut Saw na Black Diamond, zote za 1976, na hizo nawaachia wakusanyaji.

Kuna moja ya pembeni ya kutaja, ya McPhee peke yake, 1973: The Two Sides of Tony (T.S.) McPhee. Upande mmoja ni bluzi, mtu na gitaa. Upande wa pili ni kitu kimoja kirefu cha sintesaiza kinacholaani uwindaji wa mbweha kwa mbwa na farasi, mchezo wa matajiri wa Uingereza enzi hizo. Ni kama wamekuuzia albamu mbili za watu wasiofahamiana. Naipenda kwa sababu hiyohiyo, ila usimpe mtu zawadi.

Vipi kama namtaka Hooker mwenyewe?

Basi ipo njia fupi. Mwishoni mwa 1964 walirekodi naye London, na kazi hiyo ikatoka mwaka uliofuata Marekani kwa jina ...And Seven Nights, lebo ya Verve Folkways. Imeshatoka tena na tena kwa majina mengine, mojawapo ni Hooker & the Hogs, kwa hiyo usije ukainunua mara mbili. Hapa ni Hooker anayeongoza, vijana wanafuata, na raha yake ni kuwasikia wakifuata. Sehemu fulani mzee anahama ghafla na bendi inachelewa nusu ya pumzi kabla ya kumdaka. Kwa anayejifunza kupiga gitaa, nusu ya pumzi hiyo ina somo kubwa kuliko solo zote za Split. Anayetafuta nguvu na umeme hatavipata. Rekodi ni ya zamani na kinanda kimejipenyeza kila mahali.

Na kama unawataka jukwaani, tafuta ile iliyorekodiwa Chuo Kikuu cha Leeds, Machi 1971. Walikuwa wanafungua onyesho kwa Rolling Stones, waliokuwa wanaiaga Uingereza kabla ya kuhamia Ufaransa kukwepa kodi (hii sasa ndiyo ile ya mapato). Ni fupi, kali, na Cherry Red ya humo inakimbia kuliko ile ya studio. Albamu za jukwaani za miaka ya 1980 na kuendelea ziko nyingi na McPhee alipiga vizuri mpaka maradhi ya kiharusi yalipompata mwaka 2009, lakini wapigaji waliomzunguka walikuwa wanabadilika, kwa hiyo soma majina kwanza. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 79.

Kabla hujalipa

Mikusanyo ya bei rahisi ina matatizo mawili. Inakata zile sehemu nne za Split, unapata ya pili bila ya kwanza, ambayo ni sawa na kuingia kwenye msiba usiojua wa nani. Na mingine inachanganya rekodi za studio na za jukwaani bila kusema ipi ni ipi. Mimi niliwahi kuagiza Split ya CD kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Jalada likaja la Split, ndani mkawa na diski ya mkusanyo, Cherry Red ikiwa ya jukwaani, imepigwa miaka mingi baadaye na watu wengine kabisa. Kurudisha ilikuwa ghali kuliko diski.

Kwa hiyo angalia urefu wa nyimbo kabla ya kulipa. Split halisi ina nyimbo nane, nne za kwanza zikiwa zile zenye namba. Matoleo mapya ya EMI na ya Fire Records yako salama, na baadhi yana rekodi za ziada mwishoni. Hizo za ziada zizime mara ya kwanza. "Groundhog" ikiisha, acha chumba kikae kimya kidogo kabla hujaweka kingine.